Tupeane uzoefu: kwenda magofu ya Tongoni na Kilwa ukitokea Moshi au Arusha

Kibo_Rau: Wakuu, leo nimeona picha ya nguzo za makaburi ya Tongoni nikakumbuka jinsi sisi watu wa bara tunavyoharibikiwa na safari hizi kwa kutoijua bahari. Tupeane mambo yenyewe. Tongoni ndiyo karibu: Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, Tanga. Lala Tanga. Asubuhi panda gari la Pangani, kama kilomita 17 tu, mwambie konda akushushe Tongoni. Utakuta gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40. Isogelee nguzo: ina vishimo vya mviringo, sawasawa na kitako cha bakuli. Humo yalipachikwa mabakuli ya Kichina. Yameng'olewa, alama imebaki kwenye chokaa.

Mama_Majengo: Na watu huvichokonoa vishimo hivyo kwa vidole! Chokaa ile ikianza kumeguka haishikiki tena. Msiguse, na msiegemee nguzo.

Njiro_Juu: Tongoni nusu saa umemaliza. Nendeni Kilwa.

Kibo_Rau: Nusu saa ni ya mpiga picha, ndugu yangu.

Mzee_wa_Sakina: Kilwa haitaki haraka. Arusha hadi Dar siku nzima. Kesho yake alfajiri Mbagala, basi la kusini. Kama linaendelea Lindi, shuka Nangurukuru utafute gari la Kilwa Masoko, mji wa pwani. Kibali kinakatwa Masoko, kabla ya kupanda boti. Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu, ni karibu, unakuona ukiwa ufukoni. Penye taabu ni Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu.

Kuna kundi la hapa Arusha lilikwenda huko Songo Mnara mwezi mpevu. Hawakujua kwamba mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvu: maji hujaa sana, hupwa sana, tofauti hupita mita 3. Siku hizo pwani ile maji huwa yamekauka karibu saa 4 asubuhi, na wao ndiyo saa waliyofika. Boti ikakalia tope mbali na nchi kavu. Wakashuka. Tope la magoti, kandambili zikabaki chini, na chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko wakawachana nyayo. Kurudi hakuwezekani mpaka maji yapande, maana kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 hivi. Walikuwa na chupa moja ya maji kila mtu, juani. Boti ilielea alasiri.

Dada_Shanty: Shikamoo mzee. Sasa twende siku gani?

Mzee_wa_Sakina: Marahaba mwanangu. Siku 7 baada ya mwezi mpevu. Maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa 4 asubuhi utakuta yamejaa.

Njiro_Juu: Hapana mzee. Hayo ni maji mafu, hayaingii ndani ya mikoko, boti inasimama mbali vilevile. Nenda bamvu, ila fika saa 9 alasiri.

Mzee_wa_Sakina: Ukifika saa 9 utatembea saa ngapi kabla ya giza? Muulizeni nahodha, yeye ndiye anayeujua mkondo.

Njiro_Juu: Sawa. Ila Waarabu walijenga kwa akili, Husuni Kubwa, lile jumba la sultani kule Kisiwani, ina birika la pembe 8!

Mama_Majengo: Waarabu gani tena? Huo ni mji wa Waswahili. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika 1331 aliwakuta watu weusi. Pima vyumba: vingi havifiki upana wa mita 3, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko na boriti ina urefu wake. Mawe ni matumbawe, chokaa ni matumbawe yaliyochomwa. Vyote vya hapo hapo.

Kibo_Rau: Ndiyo maana saruji haifai kuzibia nyufa. Inafungia unyevu na chumvi ndani, jiwe linapasuka.

Dada_Shanty: Na viatu?

Mama_Majengo: Raba za kufunga kamba, soli ngumu. Kanga pia, Kisiwani kuna kijiji na watu wanaishi. Maji lita 3.

Njiro_Juu: Lita 2 zinatosha.

Mzee_wa_Sakina: 3.