Kamati ya maafa ya kijiji ikishaundwa inafanya nini hasa?

Mpunga wa Ipinda:
Habarini wakuu. Niko Kyela, juzi kwenye mkutano wa kijiji imeundwa kamati ya maafa na mimi nikajikuta katibu kwa sababu tu nina simu janja. Sasa tunaulizana wenyewe kwa wenyewe kazi yetu ni ipi kabla maji hayajaja, maana tulivyozoea mafuriko yakishapita ndo wakubwa wanakuja na mabuti, majina yanaandikwa, unga na maharage na mablanketi yanagawiwa, mwakani tena hivyo hivyo. Bajeti hatuna hata ya daftari. Wenye uzoefu tuanzie wapi, masika ndo hiyo inakuja. Na kuna mzee mmoja kwenye kamati anasema mafuriko kapanga Mungu tusijisumbue, huyo nimjibuje?

Kibaoni Uyole:
Hongera katibu, cheo bila posho hicho 😂. Jua kwanza kwamba nyie sio kikundi cha kufa na kuzikana. Sheria ya usimamizi wa maafa ya 2022 inataka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya hadi huko chini kwenu, kwaiyo mna haki kabisa ya kuiuliza halmashauri maswali, na swali la kwanza liwe la viwanja. Huku Mbeya mjini Aprili 2024 mlima Kawetere uliporomoka pale Itezi, tope likafukia nyumba za watu na shule. Watu wanaoishi chini ya milima mji huu ni wengi, wana umeme, wana maji, kila wakinunua LUKU wanakatwa kodi ya jengo, halafu siku mlima ukishuka ndo wanaambiwa walijenga eneo hatarishi. Sasa mbona hela ya jengo mlikuwa mnaiona?? Mwenye nyumba ya bondeni hajaipenda ile sehemu, ni kwamba ndo kiwanja alichokimudu.

Mama Parachichi:
Ndaga baba. Mimi niko Tukuyu, nikwambie kitu ambacho watu wa bondeni mnakijua ila hamkitumii. Mito ya Kiwira na Mbaka inatoka huku kwetu juu. Mvua inapiga Rungwe usiku kucha nyie huko jua linawaka mnaanika mpunga, baadae mto unajaa ghafla mnashangaa. Kwaiyo tafuteni watu watatu wanne huku juu, bodaboda, mlinzi, mama ntilie wa karibu na daraja, yeyote anayeuona mto kila siku, wakiona maji yamekuwa mekundu na yanabeba magogo wapige simu. Vocha tu ndo gharama. TMA, wale wa hali ya hewa, wanatoa taarifa zao vizuri siku hizi, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, ila wao wanataja mkoa mzima, hawawezi kukwambia maji yanaingia kitongoji gani saa ngapi.

Mzee wa Ramani:
Mama Parachichi kamaliza, mi naongezea tu. Someni habari za Bangladesh, nchi ambayo haikuwa tajiri hata kidogo. Kimbunga cha 1970 kiliua watu laki tatu kwenda juu. 1972 serikali na Msalaba Mwekundu wakaanzisha mpango wa watu wa kujitolea vijijini, yaani mwenye baiskeli na kipaza sauti na bendera anapita nyumba kwa nyumba. Kimbunga cha 1991 bado kiliua zaidi ya laki moja, ila kimbunga Sidr cha 2007 ambacho nacho kilikuwa kikali sana kikaua kama elfu tatu na kitu. Hawajazuia upepo, wameondoa watu mapema. Huyo mzee wako mwambie Mungu kaleta maji, hajasema mlale humo.

Kibaoni Uyole:
Bangladesh walijenga na majengo ya zege ya kukimbilia mzee, usiruke hapo. Hapa kwetu watu wanakimbilia shule ya msingi, watoto wanakosa masomo, na shule yenyewe unakuta iko bondeni hapo hapo.

Mzee wa Ramani:
Kweli, na walijenga hata vichuguu vya udongo vya kupandishia mifugo, maana watu walikuwa hawahami kwa sababu ya ng'ombe. Katibu hilo liandike. Mtu hagomi kuhama kwa ujinga, anawaza ng'ombe, mpunga uliopo ndani na vibaka. Msipopanga nani analinda nyumba na mifugo inalala wapi hata mpige tarumbeta hawatoki.

Mama Parachichi:
Na orodha! Mjue bibi gani haoni, nani mjamzito, nyumba ipi ina mlemavu, na kijana gani kwa jina atambeba nani. Vyeti vya kuzaliwa na kadi za NIDA mwambie kila mtu afunge kwenye nailoni aning'inize darini, kuvifuatilia upya vikishaloa utakoma.

Mpunga wa Ipinda:
Asanteni sana aisee. Kipaza sauti kanisa la hapa wanacho nitaomba, na mifugo kuna kilima cha shule ya zamani ila mwenye shamba la kakao pembeni ni mkorofi kweli kweli, huyo itabidi aende mwenyekiti mwenyewe. Mama Parachichi naomba nikucheki inbox, hao wa darajani utanisaidia kuwapata?

Mama Parachichi:
Njoo tu. Wa Kiwira ninao wawili tayari, wa Mbaka niulizie kwanza.