Mzio wa karanga: bei ya kalamu za adrenalini Marekani, na upatikanaji wake Tanzania

Mama Nuru, Chicago

Ndugu zangu, salaam. Mwanangu wa miaka sita ana mzio mkali wa karanga, na daktari ametuagiza tusitoke nyumbani bila kalamu mbili za sindano ya adrenalini, yaani vifaa vyenye dawa tayari vya kumchoma mara mzio unapomshika. Duka la dawa limetutajia bei inayozidi dola 300 kwa jozi licha ya bima ya kazini, na muda wake wa matumizi hauzidi sana mwaka mmoja. Desemba tunakwenda Tanga kwa bibi yake, ambako kashata na mboga za karanga haziepukiki. Je, kuna njia halali ya kupunguza gharama hii, na tukizitumia tukiwa huko, tutapata nyingine?

Mfamasia, Minneapolis

Pole, dada. Adrenalini yenyewe ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Kinachouzwa ghali ni kile kifaa. Jozi ya EpiPen, jina la kibiashara la kalamu inayojulikana zaidi, iliyouzwa takriban dola 100 mwaka 2007 ilifika dola 600 hivi mwaka 2016, jambo ambalo hadi leo naliona ni dhuluma kwa wazazi. Mwombe daktari asiandike jina la kibiashara, bali aruhusu kalamu yoyote inayolingana nayo, kwa sababu ile ya kampuni ya Teva iliidhinishwa mwaka 2018 na zipo nyingine pia, kisha ulinganishe bei katika maduka kadhaa, maana hutofautiana mno. Vilevile, tangu Januari 2025 sheria ya Illinois, jimbo lenu, inazuia bima zinazosimamiwa na jimbo kumtoza mgonjwa zaidi ya dola 60 kwa jozi. Haizigusi bima ambazo mwajiri hugharimia matibabu kwa fedha zake mwenyewe, kwa hiyo uliza ofisi ya rasilimali watu kazini kwenu bima yenu ni ya aina gani.

Baba Zuhura, Leeds

Huku Uingereza watoto walio chini ya miaka 16 hawalipii dawa za cheti, na binti yangu hupewa zake bure. Nasikitika kusoma kwamba mama anapigia hesabu dawa ya kuokoa uhai wa mtoto.

Daktari, Dar es Salaam

Mama Nuru, usitegemee kuzikuta kalamu hizo Tanga, na hata hapa Dar es Salaam kuzipata ni kwa bahati. Kilicho cha kawaida hospitalini ni adrenalini ya chupa ndogo, ambayo mhudumu huivuta kwa bomba la sindano na kumchoma mgonjwa msulini, upande wa nje wa paja. Inafanya kazi ileile, ila inahitaji mtu aliyefunzwa, na ndiyo maana ni vyema ujue mapema hospitali iliyo karibu na nyumba ya bibi na muda wa kufika huko. Ikiwezekana, safiri na jozi mbili, uziweke katika mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Joto la pwani huiharibu dawa hiyo, basi isiachwe ndani ya gari wala isiwekwe kwenye friji. Mfundishe bibi pia kwamba vidonge vya mzio havichukui nafasi ya sindano: mtoto akianza kuhema kwa shida au kulegea, achomwe kwanza, kisha apelekwe hospitali hata akionekana amepata nafuu, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Mama Nuru, Chicago

Ahsanteni sana. Kesho naanza na ofisi ya kazini kuhusu bima, na jioni nitampigia mama ili atuulizie hospitali iliyo karibu.