Betri ya boti inaisha chaji ikiwa imeegeshwa tu: nianze kukagua wapi?

Mshipi wa Tanga

Habari zenu wakuu. Nina boti ndogo ya faiba ya futi 19, yenye injini ya kupachika ya nguvu za farasi 40, ambayo huitumia kwa matembezi na kuvua kwa mshipi mwisho wa wiki. Kwa kuwa msimu huu wa kusi bahari haitulii, boti hukaa kwenye boya hata wiki tatu bila kuguswa, na mara mbili mfululizo nimezungusha ufunguo nikasikia "tk" moja tu, kisha kimya. Betri ni ya asidi, volti 12, ampea-saa 70, na haijatimiza miezi minane. Swichi kuu huizima kila ninaposhuka. Fundi mmoja amenishauri ninunue betri kubwa zaidi, lakini kabla sijatoa pesa tena ningependa kuelewa chaji inakwenda wapi.

Mzee wa Ngama

Pole ndugu yangu. Betri kubwa itachelewa kuisha kwa siku kadhaa tu. Wala usiilaumu stata, kwani ingawa hula umeme mwingi, huula kwa sekunde chache, na kuwasha injini ya ukubwa huo mara moja hakumalizi hata robo ya ampea-saa. Kinachomaliza betri ya chombo kilichoegeshwa ni kitu kidogo kinachonyonya usiku na mchana. Zima swichi kuu, chomoa waya wa hasi, kisha weka mita upande wa ampea kati ya waya huo na kichwa cha betri (usiwashe injini ikiwa hivyo, fyuzi ya mita itakatika). Namba ikitokea, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke, na hapo utakuwa umempata mwizi wako.

Anza na pampu ya ngama (inayotoa maji yanayojikusanya chini ya chombo), ambayo kwa kawaida hufungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi kuu, na ndivyo inavyopaswa kuwa, la sivyo mvua itakuzamishia chombo. Mwaka juzi niliukuta uzi wa mshipi umejisokota kwenye boya la swichi yake (kile kinachopanda na maji na kuiwasha pampu), boya limenyanyuka, na pampu inavuma ngama ikiwa kavu. Pampu inayokula ampea 2 humaliza betri kama yako kwa siku moja na nusu.

Fundi wa Pwani

Naungana na Mzee. Kagua pia vichwa vya betri, maana hewa ya chumvi huviotesha kutu. Vikwangue, vikaze, uvipake grisi. Ningekuwa wewe, ningefunga paneli ya sola ya wati 20 pamoja na kidhibiti chaji chake, ambayo kwa jua la kawaida hurudisha ampea-saa nne au tano kwa siku.

Mzee wa Ngama

Sola sawa, lakini baada ya kumpata mwizi. Ukiifunga sasa itamfichia mpaka zije siku za mawingu.

Mshipi wa Tanga

Ahsanteni sana. Pampu haina kosa. Mwizi ni redio. Aliyeifunga aliuunganisha waya wake wa kutunza stesheni kwenye betri moja kwa moja, na mita ilisoma ampea 0.12, ambayo kwa siku 21 ni ampea-saa 60 na ushei. Nimeuhamishia kwenye swichi kuu, na sasa redio husahau stesheni kila nikizima, jambo ambalo halinisumbui. Hata hivyo betri, baada ya kuchajiwa usiku kucha na kupumzishwa mpaka adhuhuri, inasoma volti 12.4. Je, imekwisha?

Fundi wa Pwani

Iliyojaa husoma 12.6 au 12.7, kwa hiyo imeumia: betri ya asidi ikikaa tupu, salfeti huganda kwenye mabamba ya risasi. Usiitupe bado. Ikiwa ina vifuniko vya kufunguka na mabamba yanaonekana, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa mpaka yafunikwe, uichaji taratibu kwa ampea 5 hivi, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha pima tena. Ikirudi 12.4 ile ile, iachie kazi ya taa na redio, na ya kuwashia injini ununue nyingine.