Filamu za magenge ya wanawake wa pikipiki: utamu wake unatoka wapi, na sisi Moshi tuupateje?

Kibosho Road

Wakuu salaam. Tuko kundi dogo hapa Moshi, tunaandaa filamu fupi ya dakika 12 kuhusu genge la wanawake wa pikipiki, kwa mtindo wa zile filamu za bei chee za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1960, mfano She-Devils on Wheels. Tuna pikipiki tano (Boxer tatu, TVS mbili), simu mbili na kamera moja yenye lenzi ya milimita 50 na ya 85. Wenzangu wanataka tuigize vibaya makusudi ili watu wacheke. Naona tutaharibu, ila sina hoja ya kuwashawishi. Wanaozijua filamu hizi, zinapendwa kwa nini hasa hadi leo? Na pikipiki ya cc 150 inafanywaje itishe bila kumuumiza mtu?

Filamu Kale

Wazuie mapema, mkuu. Kwenye She-Devils on Wheels hakuna anayeigiza vibaya makusudi. Mwongozaji wake, Herschell Gordon Lewis, aliipiga Florida, ikatoka 1968, na hadithi iliandikwa na mwanamke, Allison Louise Downe. Lewis alichukua wanawake wanaoendesha pikipiki kweli, ndipo akawapa maneno ya kusema. Kwa hiyo wakiongea, wanaongea kama mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Lakini wakishapanda pikipiki, mabega yanashuka, kiwiko kinalegea, na unajua hawa ni wenyewe. Mdomo unakariri, mwili unasema kweli. Mgongano huo ndio unaomfanya mtazamaji acheke na kuwaheshimu kwa wakati mmoja. Tazameni mashindano yao kwenye njia ya kurukia ndege, ambapo anayeshinda ndiye anayechagua mwanamume kwanza. Jambo limezidi kipimo, lakini wanaolifanya hawana chembe ya mzaha.

The Mini-Skirt Mob ya Maury Dexter, mwaka huohuo, ina utamu wa aina nyingine. Pale ni waigizaji wa kazi. Diane McBain anaongoza genge, na chanzo cha vita ni wivu tu: mwanamume wake wa zamani kaoa mwingine. Wivu wa kawaida unapandishwa hadi watu wanakufa. Ilitolewa na American International Pictures, kampuni iliyokuwa na desturi ya kubuni jina na bango kwanza, hadithi baadaye. Nawashauri mfanye hivyohivyo. Kama bango lenu halimfanyi mtu wa Double Road asimame, hadithi nayo haitamsimamisha.

Wenzako wakibisha, waambie mwandishi wa Marekani Susan Sontag aliliandika hili mwaka 1964: utamu wa namna hii ukiwa safi kabisa, aliyeutengeneza hakuukusudia. Ninyi mnaukusudia, kwa hiyo hamtakuwa kama Lewis. Bado mnaweza kubaki na nusu iliyo muhimu: kila mmoja aamini anachokisema, asiwepo wa kuikonyezea kamera. Na chagueni wanawake wanaoendesha kwanza, kuigiza watafundishwa. Mwigizaji asiyejua klachi anaonekana hata akiwa mbali, maana macho yake yako kwenye hendeli wakati mwenzake anatazama barabara.

Dada Klachi

Naongezea upande wa pikipiki. Watu wakiona zile hendeli ndefu wanakimbilia kwa fundi azichomelee. Taratibu. Ukipandisha hendeli hata sentimita 10, waya wa klachi na wa mafuta unakuwa mfupi. Ikiwa imesimama haionyeshi tatizo, lakini ukikata kona hadi mwisho waya unavutika, injini inapanda yenyewe au klachi inaachia. Hapo ndipo mtu anaanguka. Kabla ya kuondoka, washa ikiwa fri, zungusha hendeli kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mlio wa injini ukibadilika, rudisha hendeli ya zamani au nunua waya mrefu. Breki ya mbele nayo iangaliwe vivyo hivyo.

Ukitaka itishe bila kuigusa injini wala hendeli: toa keria ya nyuma, weka tandiko jembamba la mtu mmoja, paka tanki rangi moja iliyokoza na jina la mpandaji. Vioo na taa acheni mahali pake, trafiki hatawaelewa. Halafu chata la genge, mgongoni mwa jaketi. Herufi za sentimita 8, nyeupe juu ya nyeusi, fundi cherehani anazitoa kwenye kitambaa cha kawaida. Herufi ndogo za kupendeza hazisomeki pikipiki ikipita. Jaketi za ngozi zipo mitumba, Memorial kwa Moshi au Kilombero kwa Arusha. Zile zilizochubuka viwiko ndizo nzuri.

Jambo moja mafundi hawasemi: injini hizi zinapozwa na upepo. Ukizizungusha gia ya kwanza siku nzima mkirudia picha moja, zinachemka. Mkisubiri zaidi ya dakika mbili, zimeni.

Mhariri wa Njiro

Kuhusu picha, mwendo wa filamu hizi ni uongo wa kamera, na nyie msiende zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Ukiongeza kasi ya picha hadi asilimia 125 kwenye uhariri, 40 inasomeka 50. Ishushe kamera hadi usawa wa ekseli, sentimita 30 hivi kutoka chini, na barabara yenyewe inaongeza kasi. Ukivuka asilimia 140, nywele na shati vinapepea kiajabu na mtazamaji anashtuka.

Lenzi ya 85 itawafaa kuliko mnavyodhani. Pikipiki zikiachana sekunde mbili, umbali salama, lenzi hiyo ukiwa mbali inazibana zionekane zimegusana magurudumu. Pikipiki tano zinakuwa kumi hivi: zipite mbele ya kamera, zizunguke nyuma yake, wabadilishane jaketi na mpangilio, zipite tena. Cha kuchunga ni rangi za tanki. Nyekundu ikipita mara mbili, watu wanahesabu.

Simu msiifunge moja kwa moja kwenye hendeli. Mwaka 2021 Apple wenyewe walionya kwamba mtetemo wa injini ya pikipiki unaweza kuharibu kiimarishi cha picha na fokasi ya simu zao. Injini ya silinda moja inatetemesha vibaya sana, na picha inakuwa kama uji. Piga kutoka kwenye pikapu, mpigaji akiwa ameketi na kufungwa mkanda. Noah yenye mlango wa nyuma wazi iepukeni, moshi wa ekzosi unavutwa ndani.

Kuna kosa la vumbi ambalo karibu kila kundi linalifanya. Barabara za vumbi kama za Kisongo, au kwenye mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, zinavutia, basi watu wanaweka gari la kamera mbele. Vumbi la gari linazifunika pikipiki na waendeshaji hawaoni kitu. Gari liwe pembeni, upande upepo unakotoka. Picha za mbele zipigieni lami.

Na jua la mchana: simu ikijichagulia spidi ya shata inaweza kupiga kwa 1/3200 ya sekunde, magurudumu yanaonekana yameganda. Funga kichujio cha ND 64 (kioo cheusi cha mbele ya lenzi), kinapunguza mwanga mara 64, unarudi 1/50 na gurudumu linazunguka kwa ukungu mzuri. Mkitaka Kilimanjaro nyuma yenu, muwe mmejipanga saa 12 asubuhi. Mara nyingi kufika saa 4 mawingu yamefunga.

Kibosho Road

Shukrani sana wakuu, hoja ya mdomo na mwili nimewapelekea na wamenyamaza. Mawili yamebaki: tuna tukio la usiku, na la damu. Na helmeti je? Zinaficha nyuso.

Filamu Kale

Usiku upigeni mchana kama wao: punguza mwanga stopu mbili (yaani ubaki robo), rangi iwe ya baridi, jua liwe nyuma ya mhusika, anga isionekane kabisa.

Mhariri wa Njiro

Hapo sikubaliani. Mbinu hiyo inafaa watu wanaotembea. Kwenye pikipiki taa ndiyo roho ya picha, na mchana taa ya 35W haionekani. Subirini magharibi. Huku kwetu jua likizama mna dakika 20 tu, kwa hiyo fanyeni mazoezi yote kabla, mpige mara mbili au tatu, mmalize.

Dada Klachi

Helmeti zivaliwe, kila moja na rangi yake, mtazamaji atamtambua mtu hata akiwa mbali. Tafuteni zilizo wazi usoni. Msipake rangi yenye thina, inadhoofisha gamba la plastiki na huwezi kuona kwa macho. Tumieni stika. Nyuso mtazipata wakisimama.

Damu: vikombe viwili vya sukari, kimoja cha maji, chemsha hadi iyeyuke, ipoe. Kijiko cha chai cha rangi nyekundu ya chakula, kisha konifulawa kidogo iliyokorogwa na maji ili isipitishe mwanga. Damu ya filamu hizi ni nyekundu ya kung'aa, msiitie kakao. Nje inaita nyuki haraka, kwa hiyo imwageni dakika ya mwisho na muwe na ndoo ya maji baridi.

Meza ya Sauti

Hamjagusa sauti, nayo ndiyo itakayowaaibisha. Boxer inalia nyembamba. Rekodini peke yake, maiki ikiwa mita moja na nusu nyuma na pembeni ya ekzosi: ikiunguruma imesimama, ikipandishwa mafuta, ikipita. Punguzeni kasi ya rekodi hadi asilimia 75, mlio unashuka karibu nusu-toni tano (vitufe vitano vya kinanda, vyeusi na vyeupe) na unapata kifua. Wekeni nakala mbili kwa pamoja, moja ikichelewa milisekunde 25.

Mazungumzo yapigwe injini zikiwa zimezimwa, lakini waigizaji wapaze sauti kana kwamba zinaunguruma. Wakisema kwa sauti ya sebuleni, mkija kuweka mlio juu yake hakuna atakayeamini.

Filamu Kale

La mwisho kwa Kibosho Road: kibali cha Bodi ya Filamu kinatakiwa kabla ya kupiga, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Polisi wa usalama barabarani waarifuni kwa barua, na mwenye shamba awape ruhusa ya maandishi.

Mkiwa mnasubiri, itafuteni Bury Me an Angel ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliyeiongoza ni mwanamke, Barbara Peeters, na Dixie Peabody anamsaka kwa pikipiki na bunduki mtu aliyemuua kaka yake. Filamu nyingi za kundi hili ziliuza miili ya wanawake kwa wanaume waliokaa ndani ya magari kwenye sinema za uwanjani, na mtakutana na picha za hivyo. Kwa Peeters, angalieni kamera inavyokaa na Peabody kwenye huzuni yake. Mwonyesheni kiongozi wa genge lenu kabla hamjaanza mazoezi.