PPL (leseni ya rubani binafsi) ninayo, sasa masaa ya kurusha ndege niyapeleke wapi?

Kipepeo_wa_Ziwa: Wadau habari zenu. PPL nimeshapata, tangu hapo nikishika hela nakodi ndege ndogo, Cessna 172, pale uwanja wa Kajjansi hapa Uganda, nazunguka juu ya ziwa, napiga picha, narudi. Mwanzo ilikuwa raha ila sasa naona hela inaungua tu. Nataka CPL (leseni ya rubani wa kibiashara) siku moja lakini ada yake bado sina. Nyie hapo katikati mlifanyaje?

Mzee_wa_Sakiti: Ssebo, hayo masaa hayana kazi ndio maana yanakuchosha. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa CPL ni masaa 200, au 150 ukipita kozi iliyoidhinishwa, na humo ndani wanataka masaa 20 ya safari za mbali wewe ukiwa rubani mkuu, moja iwe kilomita 540 au zaidi na usimame kabisa viwanja viwili tofauti. Raundi za ziwani hazigusi hiyo 20 hata kidogo!! Kajjansi–Soroti–Gulu halafu nyumbani inapita 540 vizuri. Panga mwenyewe kwa ramani na penseli, GPS iwe ya kuhakikisha tu.

Nyabo_Rubani: Soroti sawa lakini banange msimtume huko saa nane mchana. Kajjansi yenyewe iko juu ya futi 3,700, joto likifika nyuzi 28 hewa inakuwa nyepesi, ndege inaruka kama iko futi 6,000 na kitu, na wengi wetu tulisoma asubuhi kwenye ubaridi na mwalimu tu pembeni. Chukua instrakta siku moja, mjaze viti, piga hesabu ya kuruka kwenye kitabu cha ndege kisha mwone inakula ranwei kiasi gani. Hilo saa moja nalipa bila kunung'unika kuliko kumi za kuzunguka.

Okot_Angani: Tafuta PPL mwenzio mgawane bili, wewe unaenda yeye anarudisha. Kila mtu anaandika kipande chake tu kwenye logibuku (daftari la masaa), msidanganyane. Na kama anayerusha hajaruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90, mwingine asipande kama abiria.

Kipepeo_wa_Ziwa: Asanteni sana. Gulu nikifika avgas (petroli ya ndege) ntaipata?

Mzee_wa_Sakiti: Usiitegemee. Piga simu kabla, la sivyo beba ya kwenda na kurudi na akiba, na uzito uhesabu upya. Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, hata wakikupa bure usiweke.

Kipepeo_wa_Ziwa: Sawa mzee. Nani ana PPL yuko huru wikiendi ijayo, bili nusu kwa nusu?