MJADALA: Piano ya kulia kwenye filamu za kwetu, tuitoe ao ibakie?

Mwana Birere (Goma)

Bandugu, naleta swali na najua itachoma bamoja. Juzi tulikaa watu kama kumi na tano kwenye parsele ya rafiki kule Katindo, projekta moja, drapu nyeupe ukutani, tukaangalia filamu tatu fupi za vijana wa hapa hapa. Zote tatu zinaanza namna moja: droni inapanda, unaona ziwa, unaona volkano ya Nyiragongo na moshi wake, halafu piano. Ile piano munaijua. Mtu hajafungua hata kinywa na tayari wamekuamuru ulie. Kufika ya tatu, mtoto mmoja akaanza kuiiga na mdomo, ting, ting, ting, parsele yote ikacheka, na filamu yenyewe ilikuwa ya mama wa Buhene yenye nyumba yake ilimezwa na lava ile usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5, 2021. Tulimcheka mama wa watu bila kutaka. Iko inaniuma mpaka leo.

Miye nasema tuitoe. Kuna jaribio moja la Kuleshov, Mrusi mtengeneza filamu, imepita miaka zaidi ya 100: alichukua sura ya akteri, haicheki hailii, akaiunga na sahani ya supu, kisha na mtoto ndani ya sanduku la maiti, kisha na mwanamke amejilaza kwenye kiti. Inasimuliwa kwamba watu waliona njaa, wakaona msiba, wakaona tamaa, na sura ilikuwa ile ile moja. Kumbe sisi wenye kuangalia tunafanyaka kazi, tunaunganisha wenyewe kichwani. Ukimwaga piano juu yake umetunyang'anya ile kazi. Na droni nayo, ukimpiga mtu picha kutoka juu sana anakuwa sisimizi, huwezi kujua kama amekasirika ao anafikiria deni ya duka. Shusha kamera, ikae usawa wa macho ya mama aliyekaa juu ya bidoni, utaona vidole vinakunja kitenge, vinakunjua, vinakunja tena. Hapo nani atanifundisha kama ana huzuni?

Monteri wa Himbi

Weye unaongea vizuri ju hujawahi kuketi mbele ya ordinateri saa nane ya usiku na umeme umekatika na bateri iko 11%. Nani analipa hizi filamu? Shirika linakutumia karatasi: dakika tatu, iguse moyo, ianze na mandhari. Kuna moja nilipeleka bila muziki kabisa, wakanirudishia na maneno mawili, "weka muziki". Nikaweka. Watoto wangu wanakulaka, si filamu tu.

Na kuna kitu hamusemi, piano inafunika sauti mbaya. Hatuna mikro ya maana, tunapiga kwenye njia, pikipiki zinapita, upepo wa ziwa unaingia, jenereta ya jirani inanguruma, mtu anaongea unasikia nusu. Ukiweka muziki makosa yanajificha. Mutu asifikiri kila piano ni mawazo ya realizateri, mwenye kuongoza filamu, mara nyingi ni blanketi tu.

Halafu niseme ukweli, ile ya tatu ya Katindo ni miye niliimontee, niliunga picha zake.

Binti ya Buhene

Nilikuwa nasoma tu bila kujibu lakini sasa nitajibu. Ule mama ni mama yangu.

Walikuja asubuhi, vijana wazuri, wenye heshima, walisalimia vizuri. Wakamwambia mama abebe bidoni atembee juu ya mawe ya lava. Akatembea. Wakasema arudie, polepole, asiangalie kamera. Akarudia. Mara ya tatu wakasema polepole zaidi. Bidoni ilikuwa tupu, maji tulikuwa tumeisha kuteka saa kumi na mbili. Kuona filamu, wameongeza tena ralanti, picha kupunguzwa mwendo, juu ya ile polepole, mama anaelea kama mtu wa ndotoni, na piano yenu.

Mama yangu anatembeaka mbio. Jirani wote wanamuitaka Moto, kama pikipiki, na lile jina alikuwa nalo mbele ya volkano. Siku ile ya lava njo mwendo wake ulituokoa, alitutoa watoto wanne na mashine ya kushona mbele hata watu hawajaamini kama mlima umepasuka. Hiyo mbio haiko kwenye filamu. Alipojiona akauliza, huyu mgonjwa ni nani?

Mwana Birere (Goma)

Dada, pole sana, na aksanti kwa kuandika. Kwa wale wanaoniuliza shida iko wapi, ndiyo hapo. Ralanti ilimbadilishia mtu tabia.

Wa Kadutu (Bukavu)

Nimesoma yote, naomba niingie, nitakuwa mrefu kidogo. Mwenye kuanzisha anakosea kufikiri kwamba chombo ndicho kibaya, leo anatoa piano, kesho atatoa voa-ofu (sauti ya mtu asiyeonekana akiongea), keshokutwa gro plani (sura kwa karibu), tubakie na nini, giza? Chukua filamu La Noire de... ya Sembène, Msenegali, ya 1966. Diouana, binti wa Senegali, anafanya kazi kwa Wafaransa kule Antibes, na mbele yao karibu haongei, ndiyo mesie, ndiyo madamu, basi. Lakini ndani ya kichwa chake sauti inamwagika, tunaisikia sisi, wao hawaisikii. Ile ni voa-ofu ile ile tunayoitukana kila siku kwenye dokimanteri za mashirika! Tofauti ni moja, ni sauti ya nani. Kwa Sembène ni ya yule binti mwenyewe. Kwa zile za kwetu ni sauti ya bwana mmoja wa studio anayekuambia "Furaha ana ndoto moja tu". Na kinyago anachowaletea zawadi, wanakitundika ukutani, ukuta mweupe, peke yake. Hakuna mtu anatuelezea kile kinyago ni nani.

Na tusidharau ya kwetu. Mweze Ngangura alizaliwa hapa Bukavu, alichukua Étalon de Yennenga, zawadi kubwa ya festivali ya filamu FESPACO, kule Ouagadougou 1999 na filamu yake Pièces d'identités, mfalme mzee anamfuata binti yake Ubelgiji, na watu wanacheka, wanacheka sana, hasira inaingia nyuma ya kicheko. Ama Dieudo Hamadi, kwenye dokimanteri yake En route pour le milliard, wale waliokatwa viungo kwa vita ya siku sita ya Kisangani mwezi wa 6, 2000, wanateremka mto mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Safari ile iko na mvua, matope, ugomvi, vicheko. Halafu anakata, unawaona jukwaani wanaigiza wenyewe mambo yaliyowapata. Nani atasema wanaombaomba machozi? Wao njo wanashika kamba.

Kwa hiyo mimi swali langu kwa monteri siyo piano. Ulimuuliza mama anatembeaka namna gani?

Mtu wa Katuba (L'shi)

Bale ba Goma munapendaka kuteseka bwana. Banataka filamu zote zikuwe na kamera inatetemeka na kimya. Baloji, mwana wa huku Lubumbashi, filamu yake Augure ilipata zawadi kwenye festivali ya Cannes 2023, sehemu ya Un Certain Regard, na iko na rangi, nguo za ajabu, muziki, uchawi, kila kitu kinapiga kelele. Na huzuni iko. Tusifanye sheria. Filamu ya senario, ya kubuni, ikuwe kubwa kama inataka, sherti tu isimudanganye mutu wa kweli yenye jina na jirani.

Chukudu 4x4

Piano yenyewe ni ile moja ya bure ya YouTube, nilishaisikiaka kwenye matangazo ya kiwanja, ya kanisa na ya dawa ya meno 😂

Monteri wa Himbi

Sikumuuliza. Miye nilipokea faili tu kwenye disiki, lakini sitajificha hapo, ralanti niliiweka miye.

Usiku nilifungua tena picha zote. Mara ya kwanza alipotembea, ile mbele hawajamwambia polepole, iko pale, sekunde tisa. Anapita mbio mpaka kameramani anampoteza, kamera inamtafuta, inapata mawe tu na kisigino chake kinatoka pembeni. Nilikuwa nimeiweka kwenye takataka kama plani mbaya. Nataka kuanzia na ile, bila droni, bila muziki. Sina uhakika shirika litakubali, nitafanya toleo la kwetu kwanza. Shida ni sauti, jenereta inanguruma mwanzo mpaka mwisho. Dada, nitafute namna ya kuiondoa?

Binti ya Buhene

Nimemuuliza. Anasema acha jenereta. Ni ya jirani, ilikuwa inawaka kweli, na mama alikuwa anawahi kwake kuchaji telefone.