Tupeane uzoefu: Kipindi gani cha utotoni kilikufanya ushike kitabu? (Wanakusini karibuni)

Mwana Lindi (mwanzisha mada)

Habari za jioni ndugu zangu wa Lindi na Mtwara. Jana nilikuwa nasafisha kabati la marehemu mjomba, nikakuta kanda saba za video zimefungwa kwenye khanga. Nilikaa chini kwanza. Kusoma nilifundishwa shuleni, lakini kupenda kusoma nilifundishwa na kanda zile.

Mjomba alikwenda masomoni Marekani miaka ya 1980. Aliporudi Lindi mwaka 1989 alikuja na TV, deki, na transfoma ya kushusha umeme, maana vyombo vya kule ni vya volti 110 na umeme wetu unazidi mara mbili. Transfoma ilikuwa nzito kama tofali, inavuma muda wote, na baada ya nusu saa huigusi kwa moto. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, lakini sisi wa bara tulikuwa bado. Vituo vya kwanza vilikuja 1994. Wenye deki mtaani waliazimana kanda za karate na za Kihindi. Ya mjomba haikuzikubali: ilikuwa ya mfumo wa NTSC wa Marekani, kanda za mtaani ni PAL, ukiweka picha inakimbia. Kwa hiyo tulibaki na zile saba tu, na zote alirekodi kipindi kimoja: Reading Rainbow.

Kwa msiokijua, kilianza Julai 1983 kwenye PBS, televisheni ya umma ya Marekani, na kikaendelea kutengenezwa hadi 2006. Mtangazaji wake alikuwa LeVar Burton, yule aliyeigiza Kunta Kinte kwenye tamthilia ya Roots. Kitabu cha picha kinasomwa taratibu, picha zinapita, halafu Burton anatoka kwenda kuona kwa macho yake mambo yanayofanana na ya kitabuni. Kiingereza hatukukijua. Mjomba alikuwa anasimamisha kanda, anatuhadithia kwa Kiswahili, kisha anaiachia.

Siku ya hadithi ya mchungaji wa nyanda za Kapiti, hapo Kenya tu, nyumba nzima ilipiga kelele. Kijana kasimama kwa mguu mmoja, ng'ombe wana njaa na kiu, wingu jeusi limening'inia na halinyeshi. Akatengeneza mshale kwa unyoya wa tai, akalitoboa wingu, mvua ikashuka. Msomaji alikuwa James Earl Jones, na sauti yake nzito ilitingisha kijiko kilichowekwa juu ya TV. Tulikuwa hatujawahi kufikiria kwamba mchungaji wa huku kwetu anaweza kuwa kitabuni, tena kitabu kinachosomwa Marekani.

Mimi lakini nilikuwa nasubiri mwisho. Mwishoni wanakuja watoto, rika letu, mmoja mmoja, kitabu mkononi. Anakutazama usoni, anakwambia kinahusu nini, kwa nini amekipenda, na anaishia njiani ili ukakitafute mwenyewe. Hana mwalimu pembeni. Burton anamwachia mtoto kazi ya kukushawishi.

Mjomba akasema, "Haya, na nyie tangazeni." Jumamosi tukaenda Maktaba ya Mkoa, kila mtu akaazima chake. Jumapili baada ya magharibi tukakaa barazani, sinia la ming'oko katikati, chumvi na pilipili pembeni, na mmoja anasimama kutangaza. Sharti lilikuwa moja: ukimaliza hadithi umeshindwa. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliishia pale fisi anabisha hodi. Usiku sikulala. Asubuhi nikamwomba kitabu, akakificha chini ya godoro, akataka mabibo matano kwanza. Nilikwea mkorosho wa jirani na sare za shule.

Naombeni na nyie mtupe yenu.

Mdau wa Newala

Asante kwa kutukumbusha mbali. Kwetu uwandani TV hatukuiona hadi niko sekondari. Kipindi changu kilikuwa cha redio, Mama na Mwana cha Radio Tanzania. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati tangu asubuhi ili zitupe angalau nusu saa ya hadithi. Zikizima katikati, dada yangu mkubwa alimalizia hadithi kwa kichwa chake. Niliamini ndivyo ilivyo. Nilipokuja kukutana na hadithi mojawapo kitabuni nikamfuata kwa hasira: "Dada, mbona ulimuua yule mzee?" Akanijibu, "Basi soma mwenyewe, nisikudanganye tena." Nimesoma tangu siku hiyo.

Binti wa Chikongola

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni wa juzi. Yangu ni Ubongo Kids, katuni ya watoto, ilipoanza 2014 TBC1. Najua mtasema ile ni ya hesabu na sayansi. Ni kweli, lakini sikilizeni. Kina Kiduchu, Koba na Baraka walikuwa wanauliza swali, majibu yanaandikwa kwenye skrini, na mtoto anajibu kwa sms. Mimi nilikuwa nasoma kwa kukokota, silabi moja moja. Kaka alikuwa anamaliza kusoma majibu yote mimi niko kwenye neno la pili, na simu ya mama iko mkononi kwake. Niliumia sana. Nikaanza kusoma kila kitu: maandishi kwenye khanga za bibi, magunia ya korosho, daladala. Siku niliyomwahi kaka, umeme ukakatika kabla jibu halijatolewa, nikalia kama nimefiwa. Baba akanikalisha, tukapiga hesabu ile kwa kokoto. Nilikuwa nimepatia.

Mdogo wangu yeye alianzia Akili and Me, katuni ya watoto wadogo ya hao hao wa Ubongo. Mpaka leo akiandika herufi anaimba.

Mama wa Masasi

Mwana Lindi, kwa heshima zote, nadhani aliyekufundisha si TV. Ni mjomba wako. Kanda hizo hizo angekuachia utazame peke yako ungeona picha zinapita ukasinzia. Nimelea watoto wanne, TV iko sebuleni tangu asubuhi, aliyependa vitabu ni yule mmoja niliyekuwa nakaa naye. Hili linaniuma, nalisema ili wenye watoto wadogo walisikie.

Mwana Lindi

Mama yangu wa Masasi, sikupingi. Ila mjomba mwenyewe alikuwa anasema hakuwahi kufikiria kumwachia mtoto asimame atangaze kitabu mpaka alipoona kule. Alizoea mtoto anaulizwa maswali, akikosea anakaa. Hilo alilichukua kwenye kipindi, akalileta barazani kwetu.

Nawajibu na walioniuliza faraghani. Kanda hazichezi tena. Hewa ya bahari imeziingia, utepe una ukungu mweupe, na deki ilikufa zamani. Lakini msione kimesahaulika: mwaka 2014 Burton aliomba michango mtandaoni ili kukirudisha kwa namna mpya, watu zaidi ya 100,000 wakatoa dola zaidi ya milioni 5. Nilipozisoma habari zile nilimpigia binamu simu, yuko Nachingwea sasa, tukaongea mpaka vocha ikaisha.

Kwenye ile khanga kulikuwa na daftari pia. Mjomba alikuwa anaandika kila kitabu tulichokitangaza, tarehe, na nani alikitangaza. Mimi nina vitabu 31. Binamu ana 44. Pembeni ya kile cha fisi, kwa mwandiko wa mjomba, kuna maneno haya: "Ameishia mlangoni. Na mimi nimekwenda kukiazima."